KISANDUKU CHA HIFADHI KINAPOZIMA
Maelezo kwa ofisi juu ya kuokoa kumbukumbu na kubadilisha vifaa

Wakuu wa Idara, maafisa utumishi, makarani wa masjala na watumishi wote wanaotunza kumbukumbu za Serikali kwa njia ya kompyuta wanaombwa kuusoma ukurasa huu kwa makini, na ikiwezekana kuukata na kuubandika ukutani karibu na kifaa kinachohusika. Kifaa chenyewe ni kile kisanduku chenye diski mbili, nne au zaidi, kinachounganishwa na swichi ya mtandao wa ofisi na kutumiwa na kompyuta zote kana kwamba ni kabati moja la majalada. Wapo wanaokiita seva, na wapo wanaokiita diski ya mtandao. Hapa tutakiita kisanduku cha hifadhi.

Kifaa hiki si kigeni tena katika ofisi zetu za Unguja na Pemba. Kilicho kigeni ni siku kinapozima. Katika masjala ya karatasi, jalada likipotea hupotea moja, na karani mzoefu aghalabu hujua ni rafu gani ya kuitazama kwanza. Kisanduku kikizima, huzima pamoja na orodha ya watumishi, barua za miaka kumi, hati za malipo, michoro ya viwanja na daftari la wastaafu. Mzee aliyetoka Makunduchi kwa gari la asubuhi kufuatilia kiinua mgongo chake huambiwa kuwa mtandao haupo, arudi kesho. Kesho hiyo yaweza kuwa siku tatu, na yaweza kuwa isifike kabisa. Tofauti baina ya hayo mawili hutegemea sana yale yatakayotendwa, na zaidi yale ambayo watu watajizuia kuyatenda, katika saa ya mwanzo baada ya kifaa kuzima.

NAMNA DISKI ZINAVYOLINDANA

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani nyembamba zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani hizo huelea kichwa cha kusomea, kwa umbali wa nanomita chache tu, ambao ni mdogo kuliko chembe ya moshi wa sigara. Kitu kinachofanya kazi kwa namna hiyo usiku na mchana hakina budi kuharibika siku moja. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, nao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililoeleza namna ya kuziunganisha diski nyingi za bei nafuu zitende kazi kama diski moja, na ziendelee kutenda kazi hata mojawapo ikifa. Mpango huo ndio unaoitwa reidi, na ndio unaotumika katika visanduku vyetu hadi leo.

Reidi ni ya namna kadhaa. Katika reidi ya 1, diski mbili huandikwa maneno yale yale, kama makarani wawili wanaonakili barua moja. Katika reidi ya 5, ambayo huhitaji diski tatu au zaidi, mpango ni wa hesabu. Tuseme karani wa kwanza ameandika 7 katika daftari lake, wa pili ameandika 5, na kazi ya wa tatu ni kuandika jumla tu, yaani 12. Daftari la wa pili likiungua, wawili waliobaki watakaa pamoja, watatoa 7 katika 12, na ile 5 itarudi. Hesabu ya diski si ya kujumlisha hasa, lakini ni ya mwelekeo huo huo, na ile kazi ya kuweka jumla huzungushwa kwa zamu baina ya diski zote. Reidi ya 6 huweka hesabu mbili badala ya moja, na kwa hiyo hustahimili kufa kwa diski mbili. Ama reidi ya 0, hiyo hugawa kazi kwa ajili ya kasi tu na haina ulinzi wowote. Diski moja ikifa, zote zimekwenda. Ofisi yenye kumbukumbu za wananchi haina sababu ya kuitumia.

Hapa ndipo linapozaliwa kosa ambalo huwagharimu wengi. Watu huona kisanduku kina reidi, wakadhani kumbukumbu zao zina nakala ya akiba. La hasha. Reidi hulinda dhidi ya kufa kwa diski, na hailindi dhidi ya jambo jingine lolote. Karani akifuta folda kwa bahati mbaya, reidi huifuta kwa uaminifu katika diski zote kwa nukta ile ile. Kirusi kikiyafunga mafaili, huyafunga kote. Radi, moto, mwizi au bomba la maji lililopasuka dari ya juu havibagui baina ya diski ya kwanza na ya nne.

Mfano mkubwa wa hivi karibuni umetoka Korea ya Kusini, nchi ambayo hakuna awezaye kuituhumu kwa uhaba wa utaalamu. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha Serikali cha kompyuta mjini Daejeon, ukianzia kwenye betri za lithiamu. Zaidi ya mifumo 600 ya Serikali ilisimama. Mingi ilirejeshwa baadaye, lakini ule uliokuwa hifadhi ya pamoja ya nyaraka za watumishi, uitwao G-Drive, uliteketea na terabaiti 858 ndani yake. Haukuwa na nakala mahali pengine. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mfumo ulikuwa mkubwa mno kunakiliwa. Wizara inayoshughulikia utumishi wa umma iliumia kuliko nyengine, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imewaagiza watumishi wake waweke kazi zao zote humo. Naam, waliotii agizo kikamilifu ndio waliopoteza zaidi.

SAA YA MWANZO

Kisanduku kikiacha kuonekana katika kompyuta, jambo la kwanza ni kujua ni nini hasa kilichokufa, kwani mara nyingi si kisanduku. Tazama taa zake. Tazama kama swichi ya mtandao ina umeme na kama kebo imekaa sawa. Jaribu kebo nyengine na tundu jengine la swichi. Jaribu adapta ya umeme nyengine yenye volti ile ile na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye adapta ya asili. Adapta iliyochoka huweza kuwasha taa za kisanduku na bado ikashindwa kuzungusha diski nne kwa pamoja. Ofisi zimewahi kufikiria kununua kifaa kipya kwa sababu ya waya uliotafunwa na panya.

Ikiwa hayo yote ni mazima, basi mikono irudishwe nyuma. Karani mmoja achukue karatasi na kuandika: saa ngapi kifaa kimezima, taa zipi zinawaka na kwa rangi gani, ujumbe gani umeonekana kwenye kioo, umeme ulikatika lini kwa mara ya mwisho, na nani alikuwa wa mwisho kukigusa. Taarifa hizo hazina thamani kwa leo, lakini fundi atakayefika keshokutwa atazihitaji kama daktari anavyohitaji kujua homa ilianza lini.

Sikio nalo litumike. Diski yenye afya huvuma kwa sauti moja. Ikiwa inagonga, tak, tak, tak, au inakwaruza, maana yake kichwa cha kusomea kimeshindwa kupata mahali pake, au kibaya zaidi, kinagusa sahani. Kila dakika ya ziada ya umeme inakwangua kumbukumbu ambazo zingeweza kuokolewa. Zima. Usiwashe tena kujaribu bahati.

Zipo dawa za mitaani ambazo zinapaswa kukatazwa waziwazi. Ya kwanza ni kuitia diski iliyokufa ndani ya friji. Katika hewa yetu ya unyevu, diski iliyotoka katika baridi hutoka jasho ndani na nje kabla hata haijafika mezani, na tone moja juu ya sahani linatosha kummaliza mgonjwa. Ya pili ni kuifungua diski ili kuitazama ndani. Kazi hiyo hufanywa katika chumba maalumu kisicho na vumbi, si juu ya meza ya mhasibu penye feni ya dari. Ya tatu ni kubandua bati la umeme la diski moja na kulitia katika diski nyengine ya aina hiyo hiyo. Kwa diski za zamani iliwezekana, lakini diski za miaka hii huwa na vipimo vyake pekee vilivyoandikwa ndani ya bati lake, na bati la jirani halimfai. Na ya nne, ambayo ni hatari kuliko zote kwa sababu huonekana kama ya kitaalamu, ni kubonyeza "ndiyo" pale kisanduku kinapouliza kama diski zitayarishwe upya. Swali hilo, kwa lugha yoyote litakavyoandikwa, maana yake ni kufuta.

DISKI MOJA IKIFA NA KISANDUKU KIKIWA HAI

Hii ndiyo hali ya kawaida. Kisanduku kinalia mlio wa tahadhari, taa moja imekuwa nyekundu au ya machungwa, na mafaili bado yanafunguka. Watu hufurahi kuwa kazi inaendelea, wakaziba mlio, wakasubiri mwaka wa fedha ujao. Ikumbukwe kwamba katika reidi ya 1 ya diski mbili au reidi ya 5, kuanzia dakika hiyo ulinzi umekwisha. Yule karani wa jumla ameshatumika.

Kabla ya kutia diski mpya, nakili kwanza mahali pengine yale yasiyoweza kupatikana tena. Sababu yake ni hii. Kisanduku kinapoijenga upya diski iliyokufa, hulazimika kuzisoma diski zilizobaki kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na pembe ambazo hazijaguswa kwa miaka. Diski hizo kwa kawaida zilinunuliwa siku moja, zimetoka katika boksi moja, na zimekula joto na umeme ule ule na marehemu. Aidha, watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huahidi kuwa kosa la kusoma lisilorekebishika halitazidi moja katika biti trilioni 100, ambazo ni sawa na terabaiti 12.5. Chukua kisanduku cha diski nne za terabaiti 4 kila moja katika reidi ya 5: kuijenga moja kunahitaji kuzisoma tatu, yaani terabaiti 12. Kwa vitendo diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini mtumishi wa umma hapaswi kuiwekea rehani daftari la wastaafu.

Kisha ipatikane diski mpya. Ukubwa wake uwe sawa au zaidi, kamwe usipungue hata kidogo. Isiwe diski iliyotolewa katika kompyuta nyengine. Na iulizwe kwa jina aina ya uandishi wake, kwani zipo diski ambazo huandika mistari yake kwa kuipandanisha kama vigae vya paa ili kupata nafasi zaidi. Diski hizo hufaa kwa kuhifadhi picha nyumbani, lakini hupungua mwendo vibaya sana zinapojengwa upya ndani ya reidi, hata kisanduku kikadhani zimekufa na kuzitoa. Mwezi Aprili 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizokuwa zikiuzwa mahsusi kwa visanduku vya mtandao, zilikuwa za mtindo huo bila ya wanunuzi kuelezwa. Tangu hapo watengenezaji wakubwa wameweka orodha za wazi, na afisa manunuzi ana haki ya kudai kuoneshwa kabla ya kusaini hati ya kupokelea mali.

Wakati wa kuitoa diski mbovu, isomwe namba yake ya utambulisho kwenye kioo cha kisanduku, kisha ilinganishwe na karatasi iliyobandikwa juu ya diski yenyewe. Wengine huhesabu matundu kutoka kushoto wakianzia moja, na kisanduku huhesabu kutoka sifuri. Ikatolewa diski nzima na kubakizwa mbovu. Katika reidi ya 5, kosa hilo la nukta tano laweza kuisimamisha ofisi nzima.

Kazi ya kujenga upya huchukua saa nyingi, na kwa diski kubwa huchukua zaidi ya siku. Kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa nukta, kusoma terabaiti 4 peke yake ni saa 7 na nusu, na huo ni mwendo wa kifaa kisicho na shughuli nyengine. Kwa hiyo ianze Ijumaa jioni, watumishi wasikitumie, na jenereta iwe na mafuta.

DISKI ZIKIWA HAI NA KISANDUKU KIKIWA KIMEKUFA

Hali hii huwatia watu hofu kubwa kuliko inavyostahili. Mwezi Februari 2017 ilijulikana kuwa vichakato vya Intel vya jamii ya Atom C2000, vilivyokuwa vimetiwa katika vifaa vingi vya mtandao, vina hitilafu inayoweza kuvifanya visiwake tena baada ya kutumika kwa muda. Miongoni mwa vifaa hivyo vilikuwamo baadhi ya visanduku vya Synology, na kampuni hiyo iliongeza muda wa dhamana kwa waliovinunua. Mwenye kifaa alikuta taa hazisomeki na kifaa hakiwaki, akadhani kumbukumbu zake zimekwenda, ilhali diski zote zilikuwa nzima kama alivyoziacha.

Katika hali hiyo kisanduku kizimwe, waya wa umeme uchomolewe, na kila diski iandikwe namba ya tundu lake kwa kalamu ya wino usiofutika kabla ya kutolewa. Njia nyepesi ni kupata kisanduku cha kampuni ile ile, cha aina ile ile au mpya zaidi ambayo mtengenezaji ameitaja kuwa inapokea diski za aina ya zamani, na kuzitia diski kwa mpango ule ule. Kifaa kitazitambua na kuomba ruhusa ya kuhamisha mfumo. Neno la kutafuta kwenye kioo ni kuhamisha; likikosekana, na likaonekana lile la kutayarisha upya, kazi isimame hapo hapo. Kisanduku cha kampuni nyengine hakitazifahamu diski hizo, na kitapendekeza kuzifuta kwa adabu kubwa.

Kisanduku kinachofanana kisipopatikana, bado njia ipo. Visanduku vingi vya ofisi, vya Synology na QNAP vikiwamo, ndani yake ni kompyuta ya Linux, na reidi yake ni programu ya Linux ambayo haina mmiliki. Fundi anayeijua Linux huweza kuzifunga diski zote kwenye kompyuta ya kawaida, akazikusanya na kuzifungua kwa kusoma tu, bila ya kuandika hata herufi moja, kisha akanakili mafaili kwenye diski nyengine. Kampuni ya Synology yenyewe imechapisha maelekezo ya kufanya hivyo. Isipokuwa, ikiwa hifadhi ilifungwa kwa ufunguo wa siri na ufunguo huo haukuandikwa popote, fundi hatakuwa na la kufanya, awe wa hapa au wa Ulaya. Ufunguo wa aina hiyo uandikwe, utiwe katika bahasha iliyopigwa lakiri, na ukae katika sefu ya ofisi, si ndani ya kisanduku chenyewe kama ilivyozoeleka.

DISKI ZIKIFA ZAIDI YA ULINZI

Ikiwa diski zilizokufa ni nyingi kuliko reidi inavyostahimili, hesabu haiwezi tena kukamilika na kisanduku kitagoma. Hapa kazi huwa ni ya kuokoa. Kanuni ya wataalamu ni kutoifanyia kazi diski yenye maradhi, bali kuitolea nakala ya biti kwa biti kwanza, na kisha kufanya majaribio yote juu ya nakala. Ipo programu ya bure iitwayo ddrescue, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Huanza kusoma sehemu nzima za diski kwa haraka, ikaziruka zenye matatizo, ikaandika ramani ya ilikopita, kisha ikarudi polepole kwenye zile zilizorukwa. Busara yake ni kuchuma kilicho rahisi kabla diski haijakata roho. Mara nyingi diski iliyotolewa na kisanduku kwa kuwa mbovu hukutwa na sekta chache tu zisizosomeka kati ya mabilioni, na nakala yake hutosha kuirejesha reidi yote.

Diski inayogonga, au isiyozunguka kabisa, haifai kwa ddrescue wala kwa fundi wa duka la kompyuta. Hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa. Mkuu wa Idara ndiye atakayeamua kama kumbukumbu zilizopotea zinastahili gharama hiyo, na ni vyema aamue kabla watu hawajaanza kujaribu, kwani kila jaribio linapunguza nafasi ya maabara. Diski zote za reidi zipelekwe pamoja, hata zile nzima.

KUNUNUA KIPYA, NA MAHALI PA KUKIWEKA

Kifaa kinachochukua nafasi ya kilichokufa kisinunuliwe kwa kuangalia bei na ukubwa tu. Iulizwe mtengenezaji ataendelea kutoa marekebisho ya usalama kwa miaka mingapi. Mwezi Juni 2021 watu wa nchi mbalimbali walivikuta visanduku vyao vya aina ya My Book Live vimefutwa kila kitu kwa usiku mmoja, baada ya wahalifu kuviingilia kupitia intaneti. Vifaa hivyo vilikuwa vimeacha kupewa marekebisho tangu mwaka 2015, na bado vilikuwa vikitumika. Kisanduku cha ofisi hakina haja ya kufikika kutoka nje ya ofisi, na kama ipo haja hiyo, mtaalamu wa mtandao aweke njia iliyolindwa.

Hewa ya visiwa vyetu ina chumvi, na chumvi hula chuma na shaba bila ya kupiga hodi. Kisanduku kisikae karibu na dirisha linaloelekea baharini, wala chini sakafuni ambako maji ya masika huingia, wala ndani ya kabati lililofungwa kwa hofu ya wizi, ambamo diski hupikwa kwa joto lake wenyewe. Matundu ya feni yasafishwe vumbi kila baada ya miezi michache.

Umeme ni jambo jengine. Wakaazi wa Unguja hawajasahau giza la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wala lile la takriban mwezi mmoja la mwaka 2008, matatizo ya njia ya umeme wa kutoka Bara yalipotuacha na majenereta. Umeme unaokatika ghafla humkuta karani wa kwanza ameshaandika tarakimu mpya na karani wa jumla bado hajaandika yake. Siku diski ikifa, hesabu hiyo itatoa jibu la uongo. Kwa hiyo kila kisanduku kiwe na betri ya dharura, ile ambayo mafundi huiita yupiesi, na waya wake mdogo wa mawasiliano uunganishwe na kisanduku ili kijizime wenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. Katika ofisi nyingi betri imenunuliwa, lakini waya huo umebaki ndani ya boksi. Betri yenyewe huchoka baada ya miaka michache na inapaswa kubadilishwa. Iliyovimba itolewe ofisini siku hiyo hiyo.

NAKALA

Mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh aliwahi kuiweka kanuni kwa tarakimu tatu ambazo sasa hutumika duniani kote: nakala 3 za kila kumbukumbu, katika vifaa vya namna 2, na 1 kati ya hizo iwe nje ya jengo. Kwa ofisi ya kisiwani tafsiri yake si ngumu. Kumbukumbu za asili zimo katika kisanduku. Nakala ya pili huandikwa kila usiku katika diski ya nje. Na ya tatu huwekwa katika jengo jengine, ya Unguja ikikaa Pemba na ya Pemba ikikaa Unguja pale wizara inapokuwa na ofisi kote kuwili. Diski ya nje ichomolewe baada ya kuandikwa. Iliyoachwa imechomekwa usiku na mchana, kirusi kitaifikia pamoja na kisanduku.

Kupeleka nakala ya kwanza kwa njia ya mtandao ni kazi ya kuhesabiwa. Terabaiti 1 kwa mtandao wa megabiti 100 kwa nukta huchukua takriban saa 22 hata mtandao ukiwa mtupu. Nakala hiyo ya kwanza ni bora ivuke bahari kwa boti mkononi mwa mtumishi, na mtandao uachiwe kupeleka mabadiliko ya kila siku.

Nakala isiyojaribiwa haihesabiki. Mwaka 1998, wakati kampuni ya Pixar ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja iliyokosewa ilifuta sehemu kubwa ya filamu hiyo, na nakala za akiba zilipotazamwa ikagundulika kuwa hazikuwa zikifanya kazi. Waliokolewa na mtumishi mmoja, Galyn Susman, ambaye alikuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua na akifanyia kazi huko. Ofisi zetu zisitegemee uzazi wa mtu. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, karani achague mafaili matano bila ya mpango, ayarejeshe kutoka katika nakala, ayafungue, na aandike tarehe na sahihi yake katika daftari.

Hapo hapo kisomwe kipimo cha afya cha kila diski, ambacho visanduku karibu vyote hukionesha kwa jina la SMART. Tarakimu mbili ndizo za kutazamwa zaidi: idadi ya sekta zilizohamishwa na idadi ya sekta zinazosubiri. Zikiwa sifuri, vyema. Zikiwa zimepanda tangu miezi mitatu iliyopita, diski mpya iombwe sasa, kwani utaratibu wa manunuzi una mwendo wake na diski haitousubiri.

Imebaki diski iliyokufa yenyewe. Isipelekwe mnadani pamoja na viti vibovu, wala isirudishwe dukani kwa ajili ya dhamana kabla ya kuuliza ndani yake mna nini. Diski iliyoshindwa kusomwa na kisanduku huweza bado kusomwa na mtu mwenye subira, na yaliyomo ni majina, mishahara na maradhi ya watu. Itobolewe kwa keekee katika sehemu tatu, sahani zote zikipenya, mbele ya maafisa wawili, na namba yake iandikwe katika daftari la mali zilizofutwa pamoja na tarehe.